MWAKA WA HALMASHAURI UMEKWISHA: JE, TUMEHESABU?



Kila mwaka, tarehe 30 Juni, halmashauri zetu zote za wilaya na za miji hufunga vitabu vyao. Kesho yake, tarehe 1 Julai, mwaka mpya wa fedha huanza, na pamoja nao huanza malengo mapya, makisio mapya na ahadi mpya. Mwenye duka afungapo mwaka hukaa chini akahesabu bidhaa iliyobaki, fedha anazowadai watu na fedha anazodaiwa, ndipo ajue kama amepata faida au amekula mtaji. Mkulima amalizapo kuvuna hulitazama ghala lake na kukumbuka magunia aliyoyakusudia wakati wa kupanda. Lakini sisi, ambao ndio wenye halmashauri, mwaka ukifungwa twafanya nini? Wengi wetu hatufanyi lolote. Twangoja kusomewa.

Nilihudhuria mkutano mmoja wa kusomewa hivyo katika kijiji ambacho sitakitaja, wala halmashauri yake sitaitaja. Nia yangu si kumwaibisha mtu, na tena mambo niliyoyaona huko yako mahali pengi. Taarifa ya mwaka ilisomwa chini ya mwembe. Ilikuwa ndefu, nayo ilijaa asilimia. Makusanyo yamefikia asilimia kadha wa kadha ya makisio. Miradi imetekelezwa kwa asilimia kadha wa kadha. Hesabu za halmashauri zimepata hati safi. Tukapiga makofi. Kisha akasimama bibi mmoja, akasema:

"Mheshimiwa Diwani, mwanangu, mimi sikusoma. Hayo ya asilimia nimeyasikia tu. Mimi nauliza zahanati yetu. Kuta tulizisimamisha wenyewe, na mchanga tuliubeba vichwani. Hii ni masika ya ngapi inazinyeshea?"

Diwani akajibu kwa adabu, "Mama, bajeti ya mwaka huu haikuruhusu. Tuvute subira."

Bibi akauliza tena, "Na ile ya mwaka jana, zahanati yetu ilikuwamo?"

Diwani akamtazama Mtendaji. Mtendaji akafunua makaratasi yake mbele na nyuma. Jibu halikupatikana, na kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kuzama, mkutano ukafungwa.

Tangu siku ile nimelifikiri sana swali la bibi yule. Katika watu wote tuliokuwa pale, wenye kusoma na wasiosoma, yeye peke yake ndiye aliyeifanya kazi iliyotukutanisha. Aliuliza neno lililoahidiwa, akaulinganisha mwaka huu na mwaka jana, akakitaja kitu ambacho kila mtu aweza kwenda kukitazama kwa macho. Huko ndiko kupima. Sisi wengine tulipiga makofi tu.

Wako watakaosema, "Hayo ni mambo madogo. Kuna wakaguzi, kuna wizara, kuna Bunge. Wao watapima." Ndugu zangu, fikira hiyo ni ya hatari kuliko wizi wa fedha. Historia ya nchi yetu yatuonyesha kwamba halmashauri isiyopimwa na wenyewe hupimwa na wengine. Na wengine wakiisha kuipima, huichukua.

Tuanze mbali kidogo. Waingereza walipoitawala Tanganyika walitunga sheria mwaka 1926 ya Serikali za Wenyeji. Machifu wakapewa hazina zao, mahakama zao na makarani wao. Kwa nje ilionekana kama kwamba watu wanajitawala. Lakini Bwana Shauri ndiye aliyekuwa akiyapitisha makisio, na chifu aliyepingana naye aliweza kuondolewa. Malengo ya mwaka yalitoka ofisini kwa Bwana Shauri, yakapita kwa chifu, yakamshukia mwananchi kama amri yenye faini. Mwananchi hakuulizwa mwanzo wa mwaka anataka nini, wala mwisho wa mwaka hakuambiwa kodi yake imekwenda wapi.

Waluguru wanalijua jambo hili. Katika miaka ya 1950 serikali ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika milima ya Uluguru. Watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi mlimani. Kuhifadhi udongo ni jambo jema, wala hakuna mkulima asiyetaka udongo wake ubaki shambani. Lakini kazi ile ilikuwa nzito, na mavuno yaliyoahidiwa watu hawakuyaona. Wakasema, hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa, na baadaye mpango wa kulazimisha ukaachwa. Aliyekuwa akipima kazi ile kwa wingi wa matuta huenda aliona mwaka mwema. Aliyekuwa akiipima kwa chakula cha nyumbani aliona mwaka mbaya. Basi jambo la kwanza tujifunzalo ni hili: kabla ya kuuliza kama lengo limefikiwa, uliza lilikuwa lengo la nani.

Watu wa Geita nao wanalijua. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 ilikusudia kuweka mabaraza ya rangi zote. Geita ilipoletewa baraza la namna hiyo, wananchi walilikataa, kwa maana waliona kwamba wageni wachache wanapewa viti katika nyumba ambayo wenye nyumba hawajapewa funguo. Mwaka 1958 maelfu yao walikwenda Mwanza kumwambia mkubwa wa jimbo kwamba hawalitaki. Walipigwa mabomu ya machozi, lakini hawakulikubali. Watu wale hawakugombania mshahara wala cheo. Waligombania swali moja tu: nani atakaa katika baraza litakalopanga kodi yetu na kazi yetu? Kwao, na kwa wanachama wa TANU wa siku zile, baraza la wilaya lilikuwa sehemu ya Uhuru wenyewe.

Uhuru ukaja mwaka 1961. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukaondolewa kwa sheria, na halmashauri za wilaya zenye wajumbe waliochaguliwa zikashika nafasi. Zilipewa mzigo mkubwa kwelikweli: shule za msingi, zahanati, barabara ndogo, masoko, visima. Nao wananchi hawakukaa bure. Walisikia wito wa Uhuru na Kazi, wakajenga. Kila mahali watu walisimamisha madarasa na zahanati kwa mikono yao, kwa kasi ambayo halmashauri hazikuiweza, kwa kuwa jengo laweza kujengwa kwa kujitolea, lakini mwalimu hulipwa mshahara kila mwezi, na dawa hununuliwa kila mwezi. Mwisho ikawa majengo yapo na huduma haipo. Ndugu msomaji, zile kuta za bibi yetu hazikuanza jana.

Fedha nazo zikapungua. Wako waliokwepa kodi, na wako waliokusanya wasifikishe. Mwaka 1969 kodi ya halmashauri iliyokuwa ikitozwa kwa kila mtu ikafutwa, pamoja na ushuru wa mazao. Mwananchi alishukuru kupunguziwa mzigo, na haki alikuwa nayo. Lakini halmashauri ikabaki ikitazama mkono wa Serikali Kuu. Na anayelishwa na mwingine hupangiwa na mwingine. Hatimaye, kwa ushauri uliotolewa na kampuni ya McKinsey kutoka Marekani, ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, na mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikafutwa. Miji nayo ikafuata.

Nia ilikuwa njema. Ilisemwa kwamba wataalamu watatoka Dar es Salaam waende mikoani, wawe karibu na wananchi. Wataalamu kweli walikwenda. Lakini wakubwa wao walikuwa wale wale wa juu, wala hawakuwa na baraza la kuwauliza. Diwani aliyechaguliwa na kijiji hakuwapo tena. Taka zikarundikana mijini, mifereji ikaziba, na kipindupindu cha mwishoni mwa miaka ya 1970 kikatuonyesha hasara ya miji isiyo na mwenyewe. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Mwaka 1982 zikatungwa sheria za kuzirudisha zote, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alipohojiwa alikiri kwamba kama angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala asingevunja vyama vya ushirika. Ni viongozi wachache duniani wawezao kusema hivyo juu ya kazi ya mikono yao.

Wengi tumelisikia neno hilo la Mwalimu, tukafurahi, tukaishia hapo. Twasema, "Basi aliyekosa ni Serikali." Lakini tujiulize na upande wetu. Halmashauri zilipofutwa mwaka 1972, hatukuona tena safari kama ile ya Geita ya mwaka 1958. Kwa nini? Kwa sababu watu wengi walikuwa wamekwisha kuziona halmashauri kama mahali pa kutozwa kodi na kusukumwa. Hawakuzijua hesabu zake, hawakuyajua malengo yake, hawakuona kwamba zilikuwa zao. Kitu usichokihesabu hukioni kikiondoka.

Leo Katiba yetu yasema katika ibara ya 146 kwamba serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Maneno hayo ni mazito. Lakini madaraka yakipelekwa mahali pasipo na mtu wa kuyapokea hurudi yalikotoka. Na kuyapokea kwenyewe ndiko huku: kukaa mwisho wa mwaka na kuuliza tulisema nini na tumefanya nini.

Sasa, tupime vipi? Mimi si mhasibu, lakini kwa kupima hivi hahitajiki mhasibu. Nitataja mambo matano ambayo kila mwanakijiji aweza kuyashika.

Kwanza, shika ahadi ya mwanzo kabla hujasikiliza taarifa ya mwisho. Taarifa ya mwaka isiyowekwa kando ya mpango wa mwaka ni hadithi tu. Halmashauri yaweza kusoma kwamba imechimba visima saba, nasi tukashangilia, kumbe mwanzo wa mwaka iliahidi kumi. Yaweza pia kusoma habari za jengo zuri ambalo halikuwamo katika mpango hata kidogo, ili tusiulize habari za yale yaliyokuwamo. Mtu akikuahidi mbuzi kisha akakuletea kuku, mshukuru kwa kuku, lakini muulize mbuzi yuko wapi.

Pili, usihesabu fedha mahali pa kazi. Mara nyingi tutasikia kwamba mradi umetekelezwa kwa asilimia tisini, kumbe maana yake ni kwamba asilimia tisini ya fedha imekwisha kutumika. Hayo ni mambo mawili tofauti. Tuseme visima saba vimechimbwa na vinne ndivyo vinavyotoa maji. Kwa fedha ni saba. Kwa ndoo ni vinne. Mama anayetoka nyumbani alfajiri na ndoo kichwani hutumia hesabu ya ndoo, nasi tutumie hiyo hiyo. Shule na tupime kwa watoto waliokaa kwenye madawati na kusoma. Zahanati na tupime kwa wagonjwa waliopata dawa.

Tatu, tuelewe hati safi ni kitu gani. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huzikagua halmashauri kila mwaka, na kila mwezi wa Machi hukabidhi ripoti yake kwa Rais, kisha hupelekwa Bungeni. Kazi hiyo ni kubwa na yatufaa sana. Lakini hati safi yasema kwamba vitabu vya hesabu vimeandikwa inavyotakiwa. Haisemi kwamba kila shilingi ilikwenda kwenye jambo ambalo kijiji kililitaka, wala haisemi kwamba kisima kina maji. Halmashauri yaweza kuwa na hati safi na zahanati isiyo na paa. Kwa hiyo diwani akituletea hati safi tumpongeze, kisha tuendelee kuuliza. Na tuzisome kurasa zinazofuata baada ya hati, kwa maana humo ndimo hoja za wakaguzi zilimoandikwa: fedha zilizokusanywa zisipelekwe benki, malipo yasiyo na stakabadhi, miradi iliyosimama.

Nne, tuulize fedha za halmashauri yenyewe zimekwenda wapi. Sehemu kubwa ya fedha za halmashauri nyingi hutoka Serikali Kuu kama ruzuku, na nyingi ya hizo zimekwisha kupangiwa kazi kabla hazijafika. Lakini yapo mapato ya ndani: ushuru wa masoko, leseni, na ushuru wa mazao ambao sheria ya mwaka 2017 iliushusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Katika mapato haya ya ndani ndimo tabia ya halmashauri inamoonekana, kwa kuwa hapo ndipo inapochagua yenyewe. Je, yalikwenda kwenye posho za vikao na mafuta ya magari, au yalipaua kuta zilizosimamishwa na wananchi? Na ile asilimia 10 ambayo sheria imeagiza tangu mwaka 2018 itolewe kuwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilimfikia nani? Tunakumbuka kwamba mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, baada ya wakaguzi kukuta vikundi hewa na madeni yasiyorudi, ikarudishwa mwaka 2024. Vikundi hewa havikutoka mwezini. Viliandikwa katika kata zetu, kwa majina ya vijiji vyetu, mbele ya macho yetu. Kama majina ya waliokopeshwa yangalibandikwa ubaoni na kusomwa mkutanoni, nani angalithubutu?

Tano, tuulize kazi ambayo haikufanyika itafanywa lini, na nani ataulizwa. "Bajeti haikuruhusu" si jibu, kwa sababu bajeti ni mpango ambao watu waliuandika. Jibu ni kusema: jambo hili liliondolewa katika kikao fulani, kwa sababu fulani, na fedha yake ikahamishiwa jambo fulani. Mwananchi akiambiwa hivyo, hata kama hakubali, ataondoka akijua kwamba ameheshimiwa.

Nimesema tupime. Lakini tupime kwa haki. Mwenye kupima kwa kibaba kilichotobolewa humdhulumu muuzaji kama vile muuzaji anavyoweza kumdhulumu mnunuzi. Siku hizi yako mambo ambayo twamlaumu diwani nayo hayamo mikononi mwake. Barabara za wilaya ziliondolewa katika halmashauri mwaka 2017 zikapewa wakala unaoitwa TARURA. Maji ya vijijini yako chini ya wakala unaoitwa RUWASA tangu mwaka 2019. Kodi ya majengo, iliyokuwa tegemeo la miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016. Kodi ya maendeleo ilikwisha kufutwa mwaka 2003. Na ruzuku iliyoahidiwa mwezi wa Julai yaweza kufika mwaka umekaribia kwisha, kisha halmashauri ikaulizwa kwa nini haikumaliza kazi. Asiyeyajua haya atampiga punda badala ya kumuuliza aliyempakia mzigo.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kwa makini. Sisemi kwamba mawakala hao ni wabaya. Huenda barabara zikatengenezwa vizuri zaidi na wahandisi waliokusanywa mahali pamoja, na mwenye kupita barabara hajali jina lililo mlangoni kwa gari la mhandisi. Lakini hebu tutazame mwendo wa mambo. Kazi moja ikionekana imeshindikana katika halmashauri, huondolewa ikapelekwa juu. Kesho nyingine. Keshokutwa nyingine. Kila moja huondolewa kwa sababu nzuri, na kwa kila moja mwananchi hupungukiwa na mtu wa kumuuliza. Diwani hujibu, "Hiyo ni ya wakala." Wakala hana kiti chini ya mwembe. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa kwa mara moja, na kila mtu akajua. Zikipunguzwa kidogo kidogo, nani atajua siku zilipokwisha?

Dawa yake ni ile ile. Halmashauri inayopimwa na wananchi wake kila mwaka, kwa ukali na kwa haki, hutengeneza makosa yake mapema. Tena huwa na watetezi. Siku mtu akisema kazi hii iondolewe, wananchi watajibu: tunayo hesabu ya miaka mitano, hapa tulikosa, hapa tulirekebisha, hapa ni fedha yenu iliyochelewa. Halmashauri isiyo na hesabu ya namna hiyo haina la kujibu.

Sasa neno kwetu sisi wanachama. Chama kilichozaliwa kwa kuwauliza wakubwa hakiwezi kuogopa kuulizwa. Lakini twayaona matawini mambo yasiyopendeza. Mwanachama akiuliza hesabu mkutanoni, mwenzake humvuta shati na kumwambia, "Kaa chini, diwani ni wa kwetu, utawafurahisha wapinzani." Ati kumficha wa kwetu ni kukijenga chama! Sivyo hata kidogo. Diwani wa kwetu ndiye tunayepaswa kumuuliza kwanza na kwa sauti, kwa maana sisi ndio tuliokwenda nyumba hadi nyumba tukimwombea kura. Tulimdhamini. Mdhamini asiyemfuata aliyemdhamini hulipa deni lake. Kura hurudi kila baada ya miaka mitano, na kuta zisizo na paa hazihitaji mtu wa kuzipigia kampeni.

Na sisi wananchi nasi tujitazame. Kijiji kina mkutano mkuu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Mkutano huo wapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Ni wangapi wetu waliohudhuria mikutano minne mwaka uliopita? Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa watu wote. Ni nani kati yetu amewahi kwenda akakaa nyuma, akasikiliza diwani wake anasema nini, au kama anasema lolote? Twapitisha magunia usiku ili tusilipe ushuru, kisha asubuhi twauliza kwa nini zahanati haina paa. Asiyelipa hana haki ya kupiga kelele, na aliyelipa asipopiga kelele amejidhulumu.

Basi tufanye nini? Nashauri jambo moja dogo, ambalo halihitaji sheria mpya wala fedha ya mtu. Mwaka huu kila kijiji na kila mtaa uombe nakala ya mpango wa halmashauri katika kata yake, ukurasa mmoja tu: kazi zilizoahidiwa, fedha iliyotengwa, na mwezi wa kumaliza. Ukurasa huo ubandikwe mahali ambapo watu hupita, mlangoni kwa ofisi, kwenye mashine ya kusaga, sokoni. Wachaguliwe watu watatu wenye kuaminika, na mmoja wao awe kijana ajuaye kuandika vizuri. Kila miezi mitatu waende wakatazame kwa macho, waandike mbele ya kila kazi neno moja katika matatu: imekwisha, inaendelea, haijaanza. Mwisho wa mwaka, kabla Mtendaji hajafungua taarifa yake, karatasi hiyo isomwe kwanza. Kisha taarifa isomwe. Tofauti zikionekana, hapo ndipo mkutano utakapoanza.

Najua wako watakaoona kwamba huu ni uchochezi. Wakati wa Mwingereza, mwananchi aliyeuliza kodi imekwenda wapi aliitwa mchochezi. Lakini diwani mwema na mtendaji mwema hawatakasirika. Watashukuru, kwa sababu karatasi ile itawasaidia kuidai ruzuku iliyochelewa, na itawaokoa na lawama za kazi zisizo zao. Atakayekasirika tutajua kwa nini amekasirika.

Bibi yule wa chini ya mwembe hakuomba hisani. Mchanga aliubeba yeye, na kuta ni zake kama zilivyo za halmashauri. Aliuliza kama ya mwaka jana ilikuwamo. Mpaka naandika maneno haya sijasikia kwamba amejibiwa. Mwaka umefungwa, mwaka mwingine umefunguliwa, na masika nyingine haiko mbali. Natumaini kwamba mkutano ujao utakapoitishwa hatasimama peke yake.